Miguu ya Nyuma ya Kiti cha Mama Yako

Mwanangu Aminieli,

Naomi alianza karatasi hii kwa maneno ya "Ama baada ya salamu," kama walivyomfundisha shuleni, nikamwambia akate mstari huo. Salamu mimi na wewe hatujapeana kwa wiki tatu, na sipendi barua ianze kwa uongo.

Mimi ninasema, mdogo wako anaandika. Mkono wangu unaujua: ukishika mbao unatulia, ukishika kalamu unatetemeka, na maisha yangu yote sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo. Nimemwomba asinipambe. Nikinyamaza, naye anyamaze. Nikisema vibaya, aandike vibaya hivyohivyo. Ameitikia kwa kichwa. Unamjua huyu mtoto, ana miaka kumi na sita na maneno yake yote yamo vitabuni.

Kutoka mlango wangu hadi mlango wako ni migomba na mfereji mmoja tu. Asubuhi namsikia mkeo Ruth akichanja kuni, nawasikia wanao wakigombania kikombe. Mtu akisikia kwamba nimekaa mchana kutwa kuandikia barua nyumba iliyo karibu hivyo, atacheka. Acha acheke. Jana nilijaribu kuja. Nilifika kwenye mfereji, nikakuona umeinama unafunga sanduku kwa kamba, nikageuka kama mtu aliyekuja kuangalia maji.

Kesho saa nne basi la Nairobi linaondoka mjini, nawe ndani yake, safari ya Ulaya. Mambo ya koti, na viatu, na karatasi za meli, mama yako ameshakuambia na atakuambia tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata mpaka wa Namanga sijavuka. Nina mambo mengine, ni ya zamani, na nikiyasema leo labda nitalala.

Nimechoka, Aminieli. Sisemi uchovu wa kazi. Huo ninaujua, nalala nao na kuamka bila huo. Huu wa sasa naamka nao.

Nianze na pima maji, maana ndiyo iliyonilea. Unaikumbuka, ile ya mti mweusi, yenye kioo na kiputo cha hewa ndani. Mlipokuwa wadogo niliwakataza kuigusa kuliko nilivyowakataza moto. Niliipata misheni, kwa Mjerumani aliyetufundisha useremala kabla ya vita ile ya kwanza. Hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili. Alikuwa nayo mawili, "sawa" na "siyo sawa." Ukimaliza meza aliweka pima maji juu yake, akainama, akatazama kiputo. Kikikaa katikati alisema sawa, akaenda kwa mwingine. Kikienda pembeni alisema siyo sawa, na meza ukaivunja mwenyewe kwa mikono yako. Nilivunja meza nne. Alipoondoka aliniachia ile pima maji, nami nikaichukua kama mtu anavyochukua neno la mwisho la mzazi.

Waingereza walipoingia nikashuka mjini, kwenye karakana ya Bwana Singh, yule Singasinga mzee mwenye ndevu nyeupe. Hapo palikuwa na kitabu kikubwa cha picha za samani kutoka Ulaya. Wazungu wa mashamba ya kahawa walikuja, wakafungua, wakaweka kidole kwenye picha, wakaondoka. Kidole kilichokigusa, hicho ndicho nilichotengeneza. Niliweza kutoa kiti kutoka kwenye picha, ukakiweka karibu na kilichokuja kwa meli, na mwenyewe asijue kipi ni kipi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Watu wa huku juu wakaniita Fundi, hata jina langu la ubatizo likasahaulika, na mimi nikafikiri hakuna kitu zaidi ya hapo.

Basi litakapopita Ngaramtoni kesho, tazama uwanja wa gulio. Nadhani unaikumbuka siku ile, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, wazungu hawaagizi tena, nami nikabaki na viti sita vya kwenye picha. Nikasema nitavipeleka gulioni. Tukavipakia kwenye mkokoteni, mimi mbele na wewe nyuma. Tukavipanga vizuri kandokando ya wauza magadi. Watu wakavizunguka kama wanavyozunguka gari lililoharibika. Kisha akaja mzee mmoja mfupi, Mwarusha, na shuka lake na fimbo yake, akaketi. Miguu yake ikabaki inaning'inia.

"Fundi," akasema, "kiti hiki ni cha nani?"

"Ni chako, mzee, ukikinunua."

"Miguu yangu inakataa."

Watu wakacheka. Yule mzee akashuka taratibu, akatoa kigoda chake kidogo alichokichukua begani, akakikalia palepale mbele ya viti vyangu sita, akaendelea kutazama ng'ombe wanaopita. Hatukuuza hata kimoja.

Njiani ukaniambia, "Baba, tungepunguza inchi tatu, yule mzee angekinunua."

Nikakujibu, "Kiti ni inchi kumi na nane. Ukipunguza si kiti."

"Ni nini?"

"Ni kigoda. Vigoda wanavyo."

Ukasukuma mkokoteni hadi tukaingia mjini. Mimi nilidhani nimekufundisha.

Sasa kiti chenyewe. Hapa Naomi amenitazama, maana hakuwa amezaliwa, na kiti hicho yeye anakijua kama pahali pa kuweka ndoo jikoni.

Ulikuwa umerudi likizo, miaka kumi na minne. Msimu wa kahawa, baridi kama hii ya leo, ukungu umekaa juu ya migomba hadi mchana. Mama yako alikuwa anachagua kahawa uani, trei iko chini, yeye juu ya kigoda, mgongo umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Alikuwa akiinuka anashika ukuta. Sote tulikuwa tunaona. Mimi niliona kama ninavyoona mlima, kitu kilichopo siku zote.

Wewe ukachukua mabaki yangu ya mbao za mringaringa, ukajificha nyuma ya zizi la mbuzi siku nne au tano. Sikuuliza. Niliporudi kutoka mjini Jumamosi ile nilikuwa na mzee wa kanisa, aliyekuja kuagiza mabenchi. Tukakuta kiti uani. Miguu ya mbele mifupi, ya nyuma mirefu, kiti kizima kimeinamia mbele.

Mzee wa kanisa akasimama, akakitazama, akaniambia, "Fundi, kwako hata viti vinasujudu?"

Alikuwa anatania tu. Ni mtu wa mizaha, unamjua. Lakini aliniambia mimi, Fundi, mbele ya mwanangu, siku aliyokuja kuniamini kwa mabenchi ya nyumba ya Mungu. Nikaingia ndani, nikatoka na pima maji na msumeno. Nikaiweka pima maji juu ya kiti chako. Kiputo kikakimbilia nyuma kabisa, kikajibana pale.

Ukasema, "Baba, muulize mama kwanza."

Nami nikasema lile neno ambalo watu wamelirudia kwenye pombe ya mbege miaka yote hii, na mimi mwenyewe nimelirudia nikicheka: "Kiti kinapimwa kwa pima maji, hakipimwi kwa makalio ya mtu."

Mzee wa kanisa akacheka hadi akashika mti. Nikakata mguu wa nyuma wa kulia, nikakata wa kushoto. Nikaweka pima maji tena. Kiputo katikati. Nikakuita uje uone. Wewe ukaja, ukatazama kiputo, hukutazama kiti. Kisha ukaokota vile vipande viwili chini, ukaingia jikoni, ukavitia motoni chini ya chungu cha mama yako. Nikasema moyoni, vizuri, mtoto hana kinyongo, ameona kosa lake.

Jumatatu nilikisimulia kisa hicho kazini ili watu wacheke. Wakacheka. Bwana Singh hakucheka. Alikuwa ananoa patasi, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Toto yako kwa nini aliweka nyuma juu?"

"Hajui pima maji, Bwana."

"Wewe uliuliza yeye?"

"Sikuuliza."

Akanoa, akanoa. "Wewe iko fundi ya mkono," akasema. "Toto iko fundi ya macho. Mkono bila macho, miaka kumi ijayo, mashine itafanya."

Mwezi ule ule akaniita. Alikuwa na ndugu yake Nairobi mwenye karakana ambako hawakutumia kitabu cha picha. Walichora samani zao wenyewe kwanza, ndipo wakatengeneza. Alitaka kunipeleka mwaka mmoja nikajifunze kuchora, kisha nirudi niwe mkubwa wa mafundi wake. Nauli juu yake, chakula juu yake. Akanipa wiki moja nifikirie.

Sikufikiria hata siku moja, mwanangu. Nilikwenda kesho yake nikamwambia, "Bwana, mke wangu amekataa. Hawezi kahawa peke yake."

Mama yako hakukataa. Mama yako sikumwambia.

Nilikuwa na umri kama wako wa sasa, umenizidi kidogo au nimekuzidi kidogo, siku zetu za kuzaliwa hakuna aliyeziandika. Nilijiona nimekaa na vijana wadogo mbele ya karatasi, mtu mwingine anainama juu ya mchoro wangu na kusema siyo sawa. Nilikuwa nimeshavunja meza nne. Nilikuwa Fundi. Nikaogopa. Na kwa kuwa mwanamume hasemi ameogopa, nikatafuta pa kuuweka woga wangu, nikauweka kwa mke. Nikauacha hapo. Kila mara mbege ilipoingia kichwani nilisema mbele ya wageni, "Mimi ningekuwa mtu mkubwa Nairobi, ni huyu mama aliyenifunga kamba." Naye alikuwapo, anatumikia wageni, anasikia, anajaza kibuyu.

Nakuambia hili kwa sababu ya Ruth. Umemwachia watoto wawili, na kahawa, na mama mkwe, na miaka miwili. Itakuja siku huko, ya baridi, utashindwa jambo. Kila anayejifunza hushindwa. Siku hiyo utasikia moyo wako unamtafuta mtu wa kumbebesha. Mimi naujua moyo huo, una sauti nzuri sana, unasema kama mzee wa busara. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu kwamba mzigo nilioutua siku ile nimeuona upya majuzi, na haukuwa umepungua hata kidogo. Alikuwa anaubeba yeye.

Nimepumzika kidogo hapa. Mama yako ameniletea uji, ameona naongea na Naomi anaandika, hakuuliza kitu. Ametoka.

Sasa kikao. Wiki tatu zilizopita ukoo ulikaa uani kwangu ili kukuaga. Wewe ulisimama ukaeleza, na ulieleza vizuri, kwamba diploma uliyopata Uganda ilikufanya mwalimu, na sasa umepewa nafasi ya masomo Ulaya, zaidi ya diploma hiyo, ya kubuni samani na vyombo, na kwamba ukirudi hutarudi darasani. Baba yako mdogo akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "wewe si ulishasoma? Tuliuza ng'ombe, tukakupeleka, ukasoma, ukamaliza, serikali ikakupa kazi. Sasa unasoma nini tena juu ya kile ulichosoma? Nyumba ikishaezekwa mtu anapanda tena kuezeka?"

"Ikivuja, baba mdogo, anapanda."

Watu wakacheka kidogo, upande wako. Yeye hakukubali. "Mtu wa miaka thelathini na moja," akasema, "ana mke, ana watoto wawili, anarudi kukaa dawatini. Na ile kaptula ya shule, tumshonee ya rangi gani?"

Hapo walicheka upande wake, na mimi nilicheka. Nilikuona umeniona nikicheka.

Ukangoja wanyamaze. Ukasema, "Miaka saba nimefundisha watoto kuchora kiti cha kwenye kitabu. Wanakichora vizuri. Hakuna hata mmoja wao aliye na kiti kile nyumbani, na kingekuwapo, bibi yake asingeweza kukikalia. Nataka nijifunze kuanza na bibi, kiti kije baadaye."

Hukunitazama uliposema hivyo. Lakini mimi nilisikia kana kwamba kidole kimenigusa kifuani. Kisha mama yako akaleta kibuyu cha maziwa, akanipa, kama inavyopasa, ili ninywe funda nikutemee kifuani, uende na baraka za nyumba hii. Mzee wa kanisa alikuwa ameshageuza uso pembeni. Kwa ulimi anasema hayo ni mambo ya giza, lakini mwanawe alipokwenda vitani Burma sote tulimwona akimtemea hadi shati likalowa.

Nikakishika kibuyu. Nikakirudisha chini.

Nikasema, "Aende tu. Mimi sijui anakokwenda, siwezi kubariki nisichokijua."

Uliinama, ukaokota kofia yako, ukavuka mfereji, na tangu siku hiyo hujarudi upande huu. Wanao wanakuja, wananiamkia shikamoo babu, wanakula ndizi, wanaondoka. Watoto wana adabu kuliko mimi.

Watu walidhani nimekuogopea Ulaya. Wengine walisema Fundi ana uchungu, atakufa mwana hayupo. Kifua changu kimejaa vumbi la mbao miaka arobaini, ni kweli, na kukohoa mnakusikia hadi kwenu. Lakini haikuwa hofu ya kufa. Ulikuwa ni wivu.

Naomi amesimamisha kalamu. Nimemwambia aandike. Nilikuonea wivu, mwanangu. Umri ule ule, mlango ule ule, wewe unaingia na kaptula yao wanayokushonea kwa mdomo, hujali. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba mlango ule haupitiki kwa mtu mzima. Ukipita wewe, nitasema nini?

Watu walipoondoka, mama yako alikuja kuchukua kibuyu.

"Baba Aminieli, maziwa haya niyamwage?"

"Mwaga."

Hakuyamwaga. Aliketi chini karibu na mlango, kibuyu mapajani. Tukakaa. Kisha akasema, kama mtu anayesema habari ya mvua:

"Kile kiti kilikuwa kinanibeba mgongo."

"Kiti kipi?"

"Ulichokata."

Nikamwambia hajawahi kukikalia, nilikikata siku ile ile nilipokikuta. Akatikisa kichwa. "Mtoto alikimaliza Alhamisi. Wewe ulikuja Jumamosi. Nilikikalia siku mbili. Kilikuwa kinanisukuma mbele kwenye trei, sikuinama mimi, kiliinama chenyewe. Ijumaa nilichagua kahawa hadi jua likashuka, nikainuka bila kushika ukuta."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshika msumeno."

Nikatazama moto. Baada ya muda nikamuuliza, maana niliona nikinyamaza sasa nitanyamaza hadi kaburini, "Na Nairobi je? Nilipokuwa nasema kwa watu kwamba ulikataa?"

"Nairobi hukuniuliza," akasema. Akainuka. Alishika ukuta.

Aminieli, nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mitatu. Nimemjengea nyumba ambayo hakuna mlango unaokwaruza. Kila kabati humu ndani ukiweka pima maji kiputo kitakaa katikati. Na kitu kimoja tu kilichowahi kumtua mgongo, nilikikata kwa dakika tano ili mtu asinicheke.

Kesho yake nilitoa ndoo juu ya kile kiti, nikakitoa jikoni. Kimekuwa cheusi kwa moshi. Nikakifuta, nikakitazama kama ninavyotazama kazi ya mtu mwingine. Viungo vyako havijalegea. Miaka kumi na saba ya maji na moshi, na hakuna kiungo kinachocheza. Hapo mkono uliutoa kwangu, nadhani unaniruhusu niseme hivyo. Macho hukuyatoa kwangu.

Nikataka kukirekebisha kimyakimya, uje ukikute kimesimama kama zamani. Nikaweka kipande cha inchi moja chini ya miguu ya nyuma, nikamwita mama yako akae. Nikaweka inchi mbili. Mbili na nusu. Nikamuuliza, "Ilikuwa hivi?"

"Sijui."

"Hivi?"

"Baba Aminieli, mimi sikukipima. Nilikikalia."

Wiki tatu nimefanya hivyo. Yeye anakaa, anainuka, anarudi kwenye kahawa yake, hasemi kwamba nimemchosha. Mimi niliyejua kipimo cha kila mbao katika nyumba za wazungu wa upande wote huu wa Meru, sijui nilikata kiasi gani cha mguu wa kiti cha mke wangu. Sikupima siku ile. Nilikata tu, nikifuata kiputo. Na vipande uliviunguza, na ulikuwa na haki.

Halafu nimefikiri zaidi, na hapa ndipo nilipochoka kabisa. Hata ukikumbuka kipimo chako cha zamani, labda hakifai tena. Mgongo wake si ule. Umeshuka, umepinda upande wa kushoto kidogo, tangu aanguke mwaka ule kwenye mfereji. Anayejua kiti kilivyokuwa hawezi kunisaidia. Anayeweza kunisaidia ni mtu wa kumtazama mama yako alivyo sasa hivi. Nimejaribu kumtazama. Naona mke wangu amekaa kwenye kiti. Sioni inchi ngapi.

Sasa najua unakwenda kujifunza nini. Ningeambiwa na ukoo nieleze, bado nisingeweza kwa maneno. Lakini najua.

Nimekata vipande viwili vya mringaringa kutoka kwenye gogo nililokuwa nimejiwekea, mbao kavu, ya miaka. Kila kimoja inchi saba. Ni virefu mno, najua. Nimeviacha virefu. Safari hii sitakata kabla sijaambiwa.

Lori la kahawa linashuka mjini saa mbili asubuhi, na dereva ameshakubali kukuchukua na sanduku lako. Basi vuka mfereji mapema, saa kumi na mbili, kukianza kupambazuka. Nimemtumia baba yako mdogo ujumbe, na mzee wa kanisa, waje nao saa hiyo hiyo. Waliniona nikikirudisha kibuyu chini, wanione nikikiinua. Mama yako hakuyamwaga maziwa yale, aliwapa wanao asubuhi yake. Ya kesho yatakuwa mapya. Shati la safari livae baadaye, maana nitatema vizuri. Na usipoweza kuja, kama moyo bado unauma, sitakulaumu. Nitashuka na kibuyu kwa miguu hadi mjini, nitakutemea hapo hapo panapopakiwa basi, mbele ya makondakta na wauza karanga. Hilo la baraka halikungoji wewe, limeshaamuliwa.

Ila kiti kinakungoja wewe. Sina mwingine wa kumwita. Mama yako atakaa, trei ya kahawa mbele yake. Wewe utachuchumaa pembeni umtazame kwa muda unaotaka, hata lori likipiga honi. Kisha utaweka alama kwenye mbao, na mimi nitakata juu ya alama yako. Gundi itakauka wewe ukiwa njiani kwenda Nairobi.

Penseli njoo nayo. Pima maji nimeifungia sandukuni.

Naomi ameniachia nafasi hapa chini, niandike jina mwenyewe. Usicheke mwandiko.

Baba